Kitabu Kipya cha Watu wa Kale

Neno "kipya" likiambatanishwa na kitabu, aghalabu huwa ni neno la mchapaji. Maana yake ni kwamba wino haujakauka, bei imepangwa jana, na jalada halijafifia kwa jua la dirishani. Kwa msomaji neno hilo lina maana nyingine kabisa. Kitabu ni kipya siku ile kinapomfikia mtu aliyekuwa hakijui, hata ikiwa mwandishi wake amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa kipimo hiki cha pili, wilaya mbili za Mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti, zina vitabu vipya vingi kuliko inavyodhaniwa, vya watoto na vya watu wazima, vya historia, tamthilia na ngano. Kilicho kipya kuliko vyote kiliandikwa na wazee wa upande huo wenyewe, kwa Kiswahili, kikachapwa Ulaya mwaka 2003, na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekipita kama wapitao nyumba isiyo na mwenyewe.

Jina Serengeti si geni katika maduka ya vitabu ya dunia. Wasomi wa lugha hulinasibisha na neno la Kimasai lenye maana ya uwanda mpana usio na ukomo. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikachorwa upya mwaka 1959. Mwaka huo huo Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu alichokiandika pamoja na mwanawe Michael, chenye jina lisemalo kwamba Serengeti haipasi kufa. Michael mwenyewe alikwisha kufa Januari ya mwaka huo, ndege yake ilipoanguka alipokuwa katika kazi ya kuhesabu wanyama. Filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Tangu hapo jina hilo limegeuka rafu nzima: vitabu vya picha za nyumbu wakivuka Mto Mara, vitabu vya watoto vya simba na duma, miongozo ya watalii, kumbukumbu za marubani na za madaktari wa wanyama. Katika vitabu vingi vya rafu hiyo binadamu mweusi huingia kwa milango mitatu tu. Ni dereva, ni askari wa wanyamapori, au ni jangili. Msomaji wa visiwani analijua donda hili bila ya kuelezwa, kwani vitabu vya picha vya Unguja navyo vimejaa milango ya nakshi na karafuu zilizoanikwa, na mwenye mlango haonekani.

Lakini katika masimulizi ya Wanata, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa Wilaya ya Serengeti, mwindaji ndiye baba wa kwanza. Jina lake ni Nyamunywa. Alikuwa akifuata wanyama porini, akakutana na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Yeye ana nyama, huyu ana nafaka, na kutokana na kukutana kwao watu wakazaliwa. Ni hadithi fupi ambayo mtoto wa miaka sita huielewa, na mzee wa miaka sabini huweza kukaa nayo jioni nzima asiimalize. Haianzi na vita wala na mfalme ashukaye kutoka mbinguni. Inaanza na mgeni na mwenyeji, kila mmoja akiwa na chakula ambacho mwenziwe hana. Nyamunywa wa leo, akionekana na upinde wake mahala pale pale, atafikishwa mahakamani Mugumu. Umbali huo ulio baina ya baba wa kabila na mshtakiwa ndio ambao vitabu vya simba na duma haviwezi kuupima, na ndio unaofanya kitabu cha wazee kiwe na uzito leo kuliko siku kilipoandikwa.

Kabla ya kukifungua kitabu hicho yafaa kukumbuka namna usomaji ulivyoingia Mara. Tangu mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilikuwa vya pamba, vya ng'ombe, vya uvuvi, vya migomba, vya usafi wa nyumba. Mwaka 1974 likaanza kutoka Mwanza gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Kwa nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967. Ilipofika 1977 walihesabiwa kuwa asilimia 27. Hizo si hesabu za kubezwa. Hata hivyo vilikuwa vitabu vya kazi: mtu alifunzwa herufi ili alime pamba bora. Hakuna aliyemwagiza aandike babu yake alitoka wapi na alivuka mto gani. Hilo alilianza mwenyewe. Haina maana kwamba kila mzee aliyeandika alitoka katika madarasa hayo, kwani wapo waliosoma zamani katika skuli za misheni. Lakini hewa waliyoivuta ilikuwa moja, na lugha waliyoikuta tayari kwa kazi hiyo ilikuwa Kiswahili.

Mwanahistoria wa Kimarekani Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti wake Mara katika miaka ya 1990, alikuta maandishi hayo mikononi mwa wenyewe. Wazee walikuwa wamekwisha kuandika, au walikuwa wakiandika, historia za watu wao kusini mwa Mto Mara. Aliyakusanya, akayafasiri kwa Kiingereza, akayatilia utangulizi na maelezo, na kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi, ikayachapa mwaka 2003 kwa jina Telling Our Own Stories. Jina hilo linasema kwamba watu wanasimulia habari zao wenyewe, na linasema hivyo kwa Kiingereza. Kiswahili cha wazee kimo ndani, kama jiwe la thamani lililotiwa katika pete ya mtu mwingine. Anayestahiki shukrani ashukuriwe: lau si Shetler, maandishi hayo yangekwenda njia ya maandishi mengi, yaani njia ya mchwa. Lakini toleo la Brill ni toleo la maktaba za vyuo vikuu. Halikukusudiwa duka la Mugumu linalouza madaftari, sabuni na betri, ambako ndiko kitabu chochote cha wilaya hiyo kingepaswa kupatikana.

Wanahistoria wamekitumia kitabu hiki kama chanzo, maana yake wamekichimba. Ni mara chache mno kimesomwa kama nathari. Huenda sababu ni kwamba mhakiki wa fasihi akiona orodha za koo na majina ya marika hudhani amepotea njia. Basi na amkumbuke Habari za Pate. Maandishi yale ya mwambao yana orodha ya masultani, miaka ya kutawala, ndoa na ugomvi wa majumba, na hakuna anayeona haya kuyahesabu kuwa ni hazina ya fasihi ya Kiswahili. Amkumbuke vilevile Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza na misheni ya Magila, kikatolewa tena mwaka 1962. Huo ni mfano ulio karibu zaidi, maana habari zake si za mwambao bali ni za Usambara; na bado kimeingia katika safu ya nathari bora ya lugha hii. Wazee wa Mara wamefanya kazi ya jinsi hiyo hiyo kwa watu ambao hawakuwa na Wakilindi wao.

Hapo ndipo ufundi wao unapodhihiri. Habari za Pate na Habari za Wakilindi zina uti wa mgongo ulio tayari, ambao ni mfululizo wa watawala. Sultani hufa, mwanawe hushika, na simulizi husonga mbele. Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme hawakuwa na masultani. Mwandishi wao atafunga vipi kamba ya wakati? Ameifunga kwa marika. Kizazi kinachoshika dhamana ya nchi, ambacho huitwa rikora, huizunguka mipaka ya nchi kwa miguu ili kuiponya. Kisha hukipisha kizazi kingine. Rika la vijana, saiga, lina jina lake, na jina hilo hubeba njaa, vita au safari ya zama zake. Kwa hiyo wakati katika maandishi haya haupandi ngazi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, bali unazunguka nchi na kurudi. Msomaji aliyezoea tarehe za mwambao ataona kwanza kwamba hakuna kinachotokea. Akivumilia kurasa chache atagundua kwamba kinachotokea ni mahali. Mlima unatajwa, kisha kijito, kisha mti, kisha mlima mwingine, na kila mahali pana mwenyewe: koo fulani, au erisambwa, ile roho ya wahenga ilindayo pahala. Aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla hahitaji kamusi ili aelewe nini kinachozungumzwa, ijapokuwa mzimu wa Bwana Msa ulikuwa na kazi nyingine.

Na mahali penyewe ni suala zito. Katika kitabu chake kingine, Imagining Serengeti cha mwaka 2007, Shetler anaonyesha kwa urefu jinsi sehemu nyingi zinazotajwa katika kumbukumbu za watu wa magharibi mwa Serengeti zilivyomezwa na hifadhi. Nyeberekera, ambako Waishenyi husimulia kwamba waliishi kabla ya kutawanywa, ipo ndani ya eneo ambalo mjukuu wao haingii ila kwa kibali. Orodha ya majina ya mahali, ambayo msomaji mvivu huiruka, kumbe ni hati ya nyumba. Mzee anaandika jina la kijito kwa utulivu, bila ya kulalamika wala kumshtaki mtu, na utulivu huo una nguvu kuliko hotuba.

Kasoro zimo. Nathari ya wazee mara nyingi hukauka. Wanapofika kwenye mila na desturi huandika kama mwalimu aandikaye ubaoni: moja, mbili, tatu. Kila mwandishi huandika kwa ajili ya watu wake, na jirani hupunjwa. Kubwa kuliko yote, hizi ni sauti za wanaume. Nyasigonko anatokea mwanzoni kabisa, na nafaka yake mkononi, kisha anazama, na kurasa zinazofuata ni za waume zake, wanawe na wajukuu zake wa kiume. Shetler mwenyewe aliliona pengo hilo akalirudia katika kitabu cha mwaka 2019, Claiming Civic Virtue. Humo anaeleza kwamba wanaume wa Mara husimulia kabila na mipaka yake, ilhali wanawake hukumbuka mtandao wa ndoa, ujamaa na urafiki unaoivuka mipaka hiyo. Bibi aliyeolewa kutoka kwa jirani adui anajua nani alimpa nani chakula mwaka wa njaa. Kitabu hicho nacho ni cha Kiingereza. Kusoma kimoja bila ya kingine ni kusikiliza ugomvi wa nyumba kwa upande mmoja wa ukuta.

Ukanda wa Ziwa umewahi kuyaona haya kabla, na msomaji atakuwa amekwisha kumkumbuka Aniceti Kitereza. Mzee yule wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapaji wa lugha yake. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kalamu kuwekwa chini na mwaka mmoja kabla ya kifo cha mwandishi. Gabriel Ruhumbika akaifasiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, ikatoka mwaka 2002. Njia ya Kitereza ilikuwa ndefu na ya mateso, lakini ilikuwa na mantiki: lugha ya mama, kisha Kiswahili, kisha dunia. Maandishi ya wazee wa Serengeti yameruka kutoka Kiswahili moja kwa moja hadi Leiden, na kituo cha katikati, chenye wasomaji, yakakipita usiku.

Mpaka hapa habari zote ni za kusini mwa Mto Mara. Ukivuka mto kwenda Tarime, rafu hubadilika. Wakurya wameandikwa sana, na wengi waliowaandika ni wageni. Mwingereza Malcolm Ruel aliishi miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika juu ya ibada na ulinzi wa uhai kwa makini ambayo bado inastahiki kusomwa. Mmarekani Michael Fleisher alitoa mwaka 2000 kitabu juu ya wizi wa ng'ombe katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Ni kitabu chenye hoja nzuri: kinaonyesha jinsi wizi wa zamani, uliokuwa wa kutafuta mahari na sifa, ulivyogeuzwa biashara ya soko. Bahati mbaya ni kwamba jina lake, Kuria Cattle Raiders, linamtangulia mlangoni kila Mkurya anayeingia maktaba. Kiswahili cha mitaani hakijafanya vyema zaidi. Katika vichekesho vya redio na vya filamu, Mkurya ni panga, ni hasira, ni mlinzi wa getini mwenye matamshi ya kuchekwa. Mtoto wa Tarime hukua akijijua kwa kioo hicho.

Kamusi yenyewe inasimulia mkasa huu. Mwaka 1996 ilitoka kamusi ya Kikurya iliyotungwa na Muniko, Magige na Ruel, kazi ya heshima na ya jasho jingi. Ni kamusi ya Kikurya na Kiingereza. Mwalimu wa skuli ya msingi aliyeko kijijini, anayetaka kumwonyesha mwanafunzi wake neno la nyumbani linavyokaa katika lugha ya darasani, hana budi apitie London kwanza, ndipo arudi Tarime. Kusini ya mto hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa wataalamu wa lugha wa shirika la SIL walioko Musoma wamezitilia lugha kama Kiikoma na Kingoreme herufi na vijitabu vya kusomea. Lakini vingi vya vijitabu hivyo vimefungamana na kazi ya kufasiri Biblia, na hadithi za dunia ya kawaida hupata nafasi iliyosalia.

Lipo jina moja la Kikurya ambalo wasomaji wa fasihi ya Kiswahili hawana udhuru wa kutolijua. Chacha Nyaigotti-Chacha, kutoka upande wa Kenya wa watu hao hao, aliandika tamthilia katika miaka ya 1980, zikiwemo Mke Mwenza na Marejeo. Mwaka 1992 Dar es Salaam University Press ikatoa uhakiki wake, Ushairi wa Abdilatif Abdalla: Sauti ya Utetezi. Litazamwe jambo hili polepole. Mwana wa wafugaji wa mpakani amekaa na beti za mshairi wa Mvita, zilizotungwa gerezani baina ya 1969 na 1972, akazipima vina, mizani na hoja, akazitetea. Je, kuna mhakiki gani wa Mvita, wa Lamu au wa Unguja aliyevuka mto kwenda kusoma simulizi za marika kwa bidii kama hiyo? Mwambao una desturi ya kuwataka wa bara waje kujifunza lugha, na wamekuja. Wamerudi nayo makwao, wameifanyia kazi. Ni deni la kusoma, na halijalipwa.

Ama kuhusu watoto, habari ni nzuri nusu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulibuni utaratibu wa maana: wachapaji walihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa skuli, hivyo wakathubutu kuchapa hadithi ambazo soko peke yake lisingezibeba. Kutokana na mazingira hayo ya kujaribu walitokea waandishi na wachoraji walioandika kwa mtoto kama mtu mwenye akili. Marimba ya Majaliwa ya marehemu Edwin Semzaba, iliyotolewa mwaka 2008, ni mfano ambao mtu mzima huweza kumwibia mwanawe akausoma usiku. Mtoto anaitafuta marimba yake nchi nzima, na ramani inageuka mchezo. Kitabu cha namna hiyo, kilichojengwa juu ya safari za marika, kingeweza kuandikwa Mugumu, kwa sababu malighafi yake yote imo katika Kiswahili cha wazee.

Badala yake, kinachomfikia kwa wingi mtoto wa Tarime nje ya kitabu cha kiada ni kijitabu cha mafunzo, kile kitolewacho na miradi: cha kumkanya asikeketwe, asiozwe mapema, anawe mikono. Hakuna mwenye akili atakayepinga haja yake. Ukeketaji ni kosa la jinai kwa wasichana wa chini ya miaka 18 tangu sheria ya mwaka 1998, na bado Desemba ikifika wapo wasichana wanaokimbilia nyumba salama za Mugumu na Masanga. Lakini hadithi ya kijitabu hicho mara nyingi huwa na msichana asiye na jina la ukoo, bibi asiye na sababu, na mwisho ujulikanao tangu jaladani. Bibi anayeshika wembe naye ana hadithi. Ana heshima aliyoipata kwa kisu hicho na ana hofu ya kuipoteza, na msichana anayemkimbia anampenda. Mwandishi atakayethubutu kuwaandika wote wawili kwa haki atakuwa ameandika kitabu ambacho msichana huyo, akiwa amelala usiku wa kwanza katika bweni la ugenini, ataona kimemjua. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba ntobhu, ile ndoa ambayo mwanamke huoa mwanamke ili nyumba yake isizimike. Magazeti huiandika kama kioja. Ni riwaya iliyokaa inangoja.

Tuzo zingeweza kusaidia. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa na neema kwa visiwa: mwaka 2015 ushindi wa ushairi ulikwenda kwa Mohammed Khelef Ghassany kwa N'na Kwetu, na mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon akashinda kwa riwaya yake ya Mungu Hakopeshwi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilianza kutolewa mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa. Imepewa jina la mtu wa Butiama, mkoa huo huo wa Mara, ambaye licha ya kazi za dola alipata wasaa wa kumfanya Juliasi Kaizari aseme Kiswahili mwaka 1963. Lakini maandishi ya mzee aliyekusanya habari za ukoo wake hayana mlango katika mashindano ya riwaya na ushairi. Si riwaya, si ushairi, na kwa kuwa si mojawapo, basi si kitu.

Kinachohitajika kwanza ni toleo la Kiswahili pekee la maandishi ya wazee, la karatasi ya kawaida na jalada jepesi, kwa makubaliano na wenye haki nayo. Mhariri wake atakuwa na kishawishi cha kukisafisha Kiswahili chake, kwa maana ni Kiswahili cha bara, na msomaji wa mwambao ataona hapa na pale upatanisho wa ngeli uliolegea. Asikiguse ila pale maana inapopotea. Kiswahili hicho kimebeba mwendo wa lugha nyingine chini yake, kama maji yapitayo chini ya mchanga, na mwendo huo ndio mali. Pili, ichukuliwe hadithi ya Nyamunywa na Nyasigonko peke yake na itengenezwe kwa watoto, kwa picha. Mchoraji asiwavike ngozi za duma zilizonakiliwa kutoka kwenye kadi za posta. Aende akaulize mtama na ulezi ulihifadhiwa katika chombo cha sura gani, na upinde wa mwindaji wa Kinata ulikuwa na urefu gani, kwa sababu mtoto wa Nata atauona uongo mara moja, na bibi yake atauona kabla yake.

Kisha liko neno rikora. Kwa lugha za Mara wingi wake ni amakora, na mfasiri aliyezoea ngeli ya li- na ya- atashawishika kuandika makora. Hapo atakuwa amewageuza wazee walioiponya nchi kwa kuizunguka kwa miguu kuwa wakora, wahuni wa stendi ya basi, na msomaji wa Nairobi atacheka mpaka machozi. Liandikwe rikora kwa umoja na marikora kwa wingi. Ni umbo geni kidogo sikioni, lakini Kiswahili kimekwisha kupokea wageni wenye mizigo mikubwa kuliko huyu.